Shaba Inayopumua

Fanki ilinirudia mazishini. Ningependa kusema ilikuwa ukumbini, chini ya taa za rangi, chupa ya Primus ikitoka jasho mezani. Lakini ilikuwa Kadutu, hapa Bukavu, kwenye kipande cha njia ambacho mvua imekila hadi kikabaki mgongo wa mawe. Fanfari ilikuwa imemsindikiza marehemu tangu asubuhi: tarumbeta mbili, saksafoni moja, tromboni moja, ngoma ya kiunoni na ngoma kubwa iliyotiwa kiraka pale ngozi ilipochanika. Walikwenda na nyimbo za kanisa, taratibu, miguu ikingojana. Wakati wa kurudi, maiti amekwisha kusitiriwa na watu wameanza kuulizana bei ya unga, yule wa tromboni akasukuma mkono mbele, akaurudisha, na zikatoka sauti tatu fupi, kavu, kama mtu anayebisha hodi akijua wenyewe wamo ndani. Ngoma kubwa ikajibu. Tarumbeta zikaingia nyuma. Haikufika dakika. Mama mmoja wa wafiwa aligeuka akawatazama, wakanyamaza.

Nilibaki kando ya njia watu wakinipita. Zile sauti tatu nilizijua. Nilikuwa nimezisikia nikiwa mtoto, nimekaa sakafuni mbele ya gramafoni ya betri ya baba yangu mdogo, na tangu hapo zilikuwa zimelala mahali fulani ndani yangu bila mimi kuzikumbuka hata siku moja.

Baba mdogo alikuwa na sanduku la mbao lenye santuri, nyingi za Franco, Rochereau na Verckys, na chache sana za James Brown ambazo hakuna aliyejua zilifikaje Bukavu. Muziki huo wa Marekani aliuita jerki, kama vijana wengi wa enzi zake walivyouita, iwe ni soul au ni fanki. Kabla ya kuishusha sindano aliipuliza vumbi, kisha akainua kidole kimoja kutuonya tusikanyage sakafu kwa nguvu. Wengine walipomsikiliza mwimbaji, yeye alisikiliza nyuma ya mwimbaji. "Huyo mwacheni aseme," alituambia. "Musikilize kuivri."

Kuivri: ndivyo alivyolitamka neno la Kifaransa cuivres, ambalo maana yake ya kwanza ni shaba, na ya pili ni kundi zima la tarumbeta na tromboni. Kiswahili hakina neno moja la kundi hilo. Dar es Salaam wanasema wapuliza, na saksafoni wameipa jina la mdomo wa bata, jina ambalo ukishalisikia huwezi tena kuitazama saksafoni bila kutabasamu. Mimi nimeshikilia neno la baba mdogo, kwa hiyo humu nitasema shaba. Wajuzi watanikosoa kwamba saksafoni, japo mwili wake ni wa shaba, hupigwa kwa ulimi wa mwanzi, hivyo ni ndugu wa zumari. Ni kweli. Lakini kwenye bendi ya dansi iliolewa katika ukoo wa shaba zamani sana, na mahari ilikwisha kulipwa.

Sanduku lile lilipotea Oktoba 1996, mji ulipotekwa na familia ikakimbia na vilivyobebeka kichwani. Santuri hazikuwemo. Baada ya hapo nilikua na magitaa, na baada ya magitaa vinanda vya umeme, na kama ungeniuliza ningekuambia kwamba muziki wa Kongo ni gitaa, ndivyo ulivyo na ndivyo ulivyokuwa. Ile tromboni ya Kadutu ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza shaba ilikwenda wapi.

Shaba iliingia Kongo ikiwa na amri. Baragumu la kambini liliwaamsha askari wa Force Publique, jeshi la mkoloni, likawaita kwenye chakula, likawalaza. Kila mji wenye kambi ulikuwa na saa yake ya kupulizwa, na mji wetu, ulioitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, ulikuwa na yake. Wamisionari nao walileta fanfari kwa ajili ya maandamano ya Sakramenti na mapokezi ya wakubwa. Vijana walifundishwa kusoma nota, kusimama wima, kupuliza wote kwa pamoja na kuacha wote kwa pamoja. Hilo la kuacha kwa pamoja ndilo gumu, na baadaye lilikuja kuwa na thamani kuliko walimu wao walivyodhani.

Waliobadili kazi ya shaba mapema kuliko wengi walikuwa Wakimbangu. Mhubiri Simon Kimbangu alikamatwa 1921, akafungwa miaka 30, na akafia gerezani Elisabethville mwaka 1951, katikati ya nchi ya migodi ya shaba. Kanisa lake lilitambuliwa na serikali ya kikoloni Desemba 1959, na fanfari yake, inayojulikana kama FAKI, ikawa shule ya muziki isiyo na karo, iliyoenea kila penye parokia. Mtoto wa maskini asiyeweza kununua hata filimbi alipewa chombo, akafundishwa, akapuliza Jumapili. Katika fanfari za kanisa hilo ndimo alimopita kijana mmoja aliyeanza na filimbi, akahamia klarineti, kisha saksafoni. Jina lake Kiamuangana Mateta. Tutarudi kwake.

Wakati huohuo kulikuwa na tarumbeta nyingine, iliyokuja kwa meli. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV iliuza Afrika santuri za mfululizo wa GV, muziki wa Kuba, na ndani yake mlikuwa na tarumbeta inayozungumza peke yake juu ya maraka na besi. Léopoldville, Kinshasa ya leo, iliusikia ikaona ni wake uliopotea. African Jazz ya Joseph Kabasele ilipoanzishwa 1953, na OK Jazz mwaka 1956, shaba ilikuwa tayari na kiti chake jukwaani. Jean Serge Essous alipuliza OK Jazz. Isaac Musekiwa, aliyetokea Rhodesia ya Kusini, alipuliza huko miaka na miaka. Mwishoni mwa Oktoba 1960, nchi ikiwa na miezi minne tu ya uhuru na tayari imechanika, Louis Armstrong aliwasili Léopoldville, na watu wakambeba kwenye tipoyi, kiti kilekile cha mabegani walichobebewa makamishna wa Kibelgiji. Mwaka uliofuata alikuja Manu Dibango kutoka Brussels, kwa mwaliko wa Kabasele, akakaa miaka miwili akipiga saksafoni na piano na kuendesha klabu yake. Mwaka 1972 Manu angetoa "Soul Makossa", na Marekani nzima ingeicheza bila kujua kwamba mpulizaji wake alikuwa amekaa Léopoldville, kwenye rumba.

Shaba ya rumba, hata hivyo, haikuwa bado ile ya baba mdogo. Katika wimbo wa OK Jazz wa miaka ya 1960 shaba huja baada ya mwimbaji kama shangazi anayethibitisha maneno ya mpwa wake: ndefu, laini, mbili au tatu kwa sauti zinazopishana kidogo. Inapendeza. Haibishi hodi.

Iliyobisha hodi ilizaliwa Cincinnati, Mei 1967. James Brown aliingia studio ya King na wimbo "Cold Sweat", alioutunga na mpiga saksafoni wake Pee Wee Ellis. Ellis alisimulia kwamba mstari wa shaba aliuchukua kwa Miles Davis, kwenye "So What", zile sauti mbili za kuitikia, akazibana mpaka zikawa ngumi. Kitu kilichofanyika hapo ni rahisi kukieleza na kigumu kukifanya. Nyimbo za zamani hubadilisha kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kila baada ya hatua chache, na wapuliza hujaza nafasi katikati. Brown alikaa kwenye kodi moja, akaweka uzito wote kwenye pigo la kwanza la kila hatua, na vyombo vyote akavigeuza ngoma. Gitaa likawa ngoma. Sauti yake mwenyewe ikawa ngoma. Shaba, iliyokuwa imezoea kuimba, ikaambiwa ipige: sauti mbili, kimya, sauti moja, kimya kirefu, kisha wote tena, kama mlango unaofungwa. Kile kimya ndicho kilichokuwa kipya. Watu wanne wenye mapafu yaliyojaa, wamesimama, midomo iko kwenye chombo, na hawapulizi. Msikilizaji anawasikia wasivyopuliza. Askari wa Force Publique angewaelewa.

Santuri hiyo ilitoka Julai 1967. Bukavu haikuwa na nafasi ya kuisikia. Tarehe 9 Agosti mamluki wa Jean Schramme, pamoja na askari wa Katanga waliokuwa naye, waliuteka mji wetu, na waliushika hadi mwanzoni mwa Novemba, jeshi la taifa likiwazingira na ndege zikipita juu. Walipovuka Ruzizi kuingia Rwanda waliacha nyuma yao nyumba zilizotobolewa, maduka matupu na kuta ambazo baba mdogo alisema alikuwa akiingiza kidole kwenye matundu yake akienda shule. Kwake yeye mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Alipoweka "Cold Sweat" miaka mingi baadaye alipenda kusema, "Hii ya mwaka wa Schramme," kama mtu anayetaja mwaka wa njaa au wa nzige, na sisi watoto tukadhani Schramme ni mpiga ngoma.

Sasa Kiamuangana. Jukwaani aliitwa Verckys, na jina hilo lina kisa chake: inasemekana alikuwa akimpenda King Curtis, mpiga saksafoni Mmarekani, akalisikia vibaya jina "Curtis" redioni, na alivyolisikia ndivyo alivyolichukua. Sijui jina lolote la jukwaani Kongo linaloeleza vizuri zaidi jinsi muziki unavyosafiri. Aliingia OK Jazz mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka 19. Franco, kiongozi wa OK Jazz, aliposafiri Ulaya 1968, Verckys aliwachukua wenzake kadhaa studio kwa siri, wakarekodi bila bosi kujua. Ugomvi ukafuata, na 1969 akawa na bendi yake, Orchestre Vévé.

Ukimsikiliza Verckys wa miaka ile, saksafoni inaguna, inapasuka, inalia kwa koo. Hakuiga fanki ya Marekani nota kwa nota. Aliipandikiza juu ya rumba, kwa hiyo gitaa linaendelea kuviringika kama kawaida halafu shaba inaingia na kulikatiza. Kuna wimbo wake mmoja uitwao "Cheka Sana". Kinshasa ni mji wa Kilingala, na mtu wa Kivu akikuta jina la Kiswahili kwenye santuri ya Kinshasa huhisi kama ameitwa kwa jina lake katikati ya umati. Wimbo mwingine, "Nakomitunaka" wa 1972, uliuliza kwa nini watakatifu na malaika kanisani wote ni weupe, na Wakatoliki wengi hawakufurahi. Mtoto wa fanfari ya Kimbangu alikuwa anauliza swali la Kimbangu kwa chombo cha Kimbangu, ila safari hii watu walikuwa wanacheza.

Halafu Trio Madjesi na bendi yao ya Sosoliso, waimbaji watatu waliopanda jukwaani na mavazi na miguu ya James Brown, wakawapagawisha vijana wa Zaire nzima, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Kwa haraka tu: walidumu miaka michache, na baba mdogo alikuwa akinyoa nywele kama mmoja wao, nimeiona picha.

Nchi iliyokuwa na watu hawa ndiyo iliyowapokea Wamarekani mwaka 1974. Kisa cha pambano la Muhammad Ali na George Foreman kinajulikana. Muziki uliokuja nalo haujulikani sana. Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, na mwenzake Stewart Levine waliandaa tamasha la siku tatu, Zaire 74, lililopaswa kutangulia ngumi za Septemba 25. Septemba 16 Foreman akapasuliwa juu ya jicho mazoezini. Ngumi zikasogezwa hadi Oktoba 30. Tamasha halikusogezwa: wanamuziki walikuwa wamekwisha kukodiwa, kwa hiyo Septemba 22, 23 na 24, katika Stade du 20 Mai ambao leo ni Tata Raphaël, walipiga bila pambano, na watalii waliotazamiwa kutoka ng'ambo hawakuja.

Walikuwemo B.B. King, Bill Withers, The Spinners, Celia Cruz na Fania All-Stars, Miriam Makeba, Manu Dibango. Wenyeji walikuwa Franco na TP OK Jazz, Tabu Ley, yule Rochereau, na Afrisa, Abeti, Stukas. Na James Brown, ambaye inasimuliwa hadi leo jinsi alivyokataa kusafiri bila vyombo vyake vyote hata ndege ikalemewa. Nyuma yake walikuwa Fred Wesley na tromboni, Maceo Parker na St. Clair Pinckney na saksafoni. Baba mdogo, aliyekuwa kilomita 1,500 mashariki, alidai aliusikiliza usiku ule redioni. Huenda. Bukavu iko saa moja mbele ya Kinshasa, na yeye kila alipohadithia alisisitiza kwamba James Brown alipanda alfajiri, saa ya Bukavu.

Filamu ya tamasha hilo, Soul Power, ilichelewa hadi 2008. Niliitazama baada ya yale mazishi, kwenye simu, SNEL wakiwa wametukatia umeme tangu mchana, betri ikiwa asilimia 30. James Brown amevaa suti ya kubana ya kipande kimoja, na herufi GFOS, Godfather of Soul, kiunoni. Nami nikakumbuka kwamba Zaire ya 1974 ilikuwa ya sera ya Authenticité, wanaume waliachishwa tai wakavaa makoti ya abakosi, Franco aliacha jina la ubatizo akawa Luambo Makiadi. Serikali iliyokataza suti ya Kizungu ilimkaribisha kwa heshima zote mtu aliyevaa kama samaki. Lakini nilikuwa nawatafuta wengine. Kamera inawapitia wapuliza upesi mno, mara mbili tatu. Nilisimamisha picha. Fred Wesley ameishusha tromboni hadi kiunoni, anangoja. Uso wake hauna kitu: hauna furaha, hauna uchovu. Anahesabu. Betri ilikwisha hapo.

Kuna sababu nyingine ya kushikilia neno shaba. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 hadi 1997 jimbo la Katanga liliitwa Shaba, kwa Kiswahili kabisa, na shaba hiyo ndiyo iliyolipia Zaire nzima: bendi, ndege, uwanja, mabondia waliolipwa dola milioni 5 kila mmoja. Tarumbeta nayo ni shaba iliyochanganywa na zinki. Madini yalitoka Kolwezi na Likasi kwa treni yakiwa mazito na bei nafuu, yakarudi yakiwa mepesi, yamekunjwa, yana vali tatu, kwa bei ya mshahara wa mwaka. Masika ya 1974 bei ya shaba duniani ilifika kileleni, kisha ikaporomoka. Usiku ambao Zaire ilipuliza shaba kwa nguvu kuliko usiku wowote, tayari pesa iliyoununua ule usiku ilikuwa inakwisha. Miezi kumi kabla, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alikuwa ametangaza maduka na mashamba ya wageni yawe ya Wazaire. Hapa Bukavu maduka ya Wagiriki, Wabelgiji na Wahindi yakabadili mikono, na mengi hayakupata tena mzigo wa pili.

Gitaa likikatika waya, fundi wa Kadutu atakutafutia waya. Saksafoni ikipasuka ulimi wa mwanzi, ambao wapuliza wetu huuita anshi, huna la kufanya: mwanzi wenyewe hulimwa hasa kusini mwa Ufaransa. Pedi zikioza kwa unyevu, hewa inavuja. Na mpuliza ni mtu, anakula. Wapuliza wanne ni vitanda vinne hotelini na mishahara minne kwa kazi ambayo nusu yake, kama nilivyosema, ni kunyamaza. Kiongozi wa bendi aliyebanwa na bei alitazama jukwaani akaona watu wanne wamesimama kimya. Nadhani hapo ndipo shaba ilipokatwa.

Vijana walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Zaiko Langa Langa, iliyoanzishwa mkesha wa Krismasi 1969, haikuweka wapuliza kabisa: magitaa, ngoma kali, waimbaji wengi. Kila bendi changa ikafuata. Na aliyezitoa santuri za baadhi ya bendi hizo, Bella Bella, Lipua-Lipua, Kiam, alikuwa Verckys mwenyewe, aliyekuwa sasa mfanyabiashara mwenye lebo na, kuanzia 1978, jengo lake la Vévé Centre. Mpiga saksafoni mkubwa wa fanki Kongo alitajirika kwa bendi zisizo na saksafoni. Simlaumu, alijua hesabu. OK Jazz na Afrisa walibaki na shaba yao, kama wazee wanaoendelea kuvaa kofia; Franco alifariki Oktoba 1989, na katika studio za Paris kinanda kimoja cha umeme kilikuwa kimekwisha kujifunza kuiga tarumbeta vibaya kwa bei nzuri.

Nilidhani kisa kinaishia hapo, na kwa mtu wa Kinshasa kinaishia hapo. Ilinichukua muda kugeuza kichwa na kutazama upande wangu.

Bendi nyingi zilizotoka Shaba ya jimbo zilibeba shaba ya kupuliza zikaenda mashariki. Baba Gaston wa Lubumbashi alifika Nairobi katikati ya miaka ya 1970 na Baba National. Mwaka 1976 wanamuziki wake wakamtoroka wakaunda Les Mangelepa, na Mangelepa walikuwa na wapuliza wa kutikisa mabati. Maquis du Zaïre ikahamia Dar es Salaam. Orchestra Makassy ya Mzee Makassy ilikuwa Kampala, ikakimbia enzi za Idi Amin hadi Dar, na ndiyo iliyomwita Remmy Ongala wa Kindu mwaka 1978. Samba Mapangala alipita Kampala, akafika Nairobi, na bendi aliyoiunda huko 1981 akaiita Virunga, jina la milima ya volkano iliyo upande wa pili wa ziwa letu la Kivu. Wote hao walipita kusini mwetu au kaskazini mwetu: kwa Zambia, kwa Kigoma, kwa Uganda. Na wote walipofika walianza kuimba Kiswahili, kwa sababu ndicho kilichokuwa kinalipa, na kwa sababu wengi wao walikuwa nacho tangu nyumbani.

Walikokwenda walikuta watu walio tayari kwa shaba. Dar es Salaam ilikuwa imeipenda soul kiasi kwamba Novemba 1969 wakuu wa mji waliipiga marufuku kwenye kumbi, wakisema inaharibu vijana. Katikati ya miaka ya 1970 kundi la Sunburst lilikuwa linapiga fanki na rock mjini humohumo, marufuku imesahauliwa. NUTA Jazz, iliyoanza 1964 na leo inaitwa Msondo Ngoma, haikuwahi kuwafukuza wapuliza wake. Kwa maneno mengine, kile nilichokuwa nimekilia Kinshasa kilikuwa kikipulizwa kila wikendi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa lugha ninayoota nayo, muda wote ambao nilikuwa nimegeukia magharibi nikisubiri.

Hilo lilinifedhehesha kidogo. Lililoniudhi ni jingine. Mwaka 2014 kampuni ya Analog Africa, ya Frankfurt, ilikusanya fanki za Verckys kwenye albamu moja nzuri, yenye kijitabu na picha. 2016 Sunburst nao wakafufuliwa na kampuni ya London. 2017 zikatoka hatimaye rekodi za Waafrika wa Zaire 74. Kazi ya heshima, nami ni mnufaika, vinginevyo nisingesikia "Cheka Sana" tena. Lakini nilipoangalia bei, kwa euro, nilicheka. Imetoka ghafi, imerudi imekunjwa vizuri. Verckys alifariki Oktoba 2022, na Kinshasa ilimzika kwa heshima.

Mwezi uliopita nilimtafuta yule wa tromboni. Haikuwa kazi, wapiga fanfari Kadutu wanajulikana kama mafundi seremala wanavyojulikana, kwa misiba yao. Nilimkuta uani kwake, amekaa kwenye bidoni ya njano, chombo amekitenganisha vipande viwili juu ya kitenge. Alikuwa anasugua bomba la ndani kwa kitambaa chenye Vaseline, kidogo sana, kisha anarushia matone ya maji kwa vidole. Pale ambapo bomba lilikuwa limebonyea, amelinyoosha kwa kijiko. Kwenye kiungo cha mdomo palikuwa na lehemu ya rangi tofauti, ya fundi wa redio. Nikamuuliza zile sauti tatu za siku ya mazishi alizitoa wapi. Akasema alifundishwa na mzee aliyemfundisha fanfari, na mzee hakusema zimetoka wapi, ni za kupashia midomo joto tu.

Nikampa simu. Nikamwekea James Brown, ile ya Kinshasa, nikasogeza hadi wapuliza wanapoingia. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono wa kulia ukisogea mbele na nyuma hewani bila chombo. Walipopiga na kunyamaza, mkono wake ulikwenda mbele peke yake, ukabaki umening'inia.

"Papa," akasema, "huyu mutu anapumuaka wapi?"

Nikamwambia anapumua pale anaponyamaza.

Akaunga vipande viwili vya tromboni, akafuta mdomo kwa kiganja, akapuliza pamoja na simu. Akawahi pigo la kwanza. Akacheka, akatikisa mate kutoka kwenye bomba, mtoto wake akaja kusimama mlangoni.

"Rudisha," akasema. "Rudisha tena, papa."